Nahau za kifo katika Kihispania na Kiingereza: ni nani aliyezitunga?

Kamusi hutuambia kwamba nahau mbili za lugha mbili zina maana moja. Historia hutuuliza swali jingine: nahau hiyo ilitoka kinywani mwa nani, na yule maiti alikuwa wa nani?



Kiswahili chetu hakina neno moja tu la kukielezea kifo. Mzee wa heshima hufariki dunia, huaga dunia, hutangulia mbele ya haki au huitika wito wa Mola wake. Mgonjwa aliyezidiwa hukata kauli, kisha hukata roho. Na wale wanaopenda mzaha husema fulani kakata kamba, au kaenda jongomeo. Kila mmoja wetu anajua, bila ya kufundishwa darasani, ni neno lipi la kutamkwa mbele ya mjane na ni lipi la kutamkwa barazani pale penye kahawa.

Taabu huanza pale tunapovuka mipaka ya lugha. Wengi wenu mnaoishi Marekani hufanya kazi bega kwa bega na watu wanaozungumza Kihispania, na baadhi yenu mmekuwa wakalimani katika hospitali, mahakama na ofisi za wahamiaji. Mkifungua kitabu cha nahau mtakuta safu mbili zilizopangwa vizuri, Kihispania upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. "Estirar la pata", yaani kunyoosha mguu, imewekwa sambamba na "kick the bucket", kupiga ndoo teke. "Criar malvas", kuotesha mimea ya malva, imewekwa sambamba na "push up the daisies", kuyasukuma juu maua ya daisi. "Pasar a mejor vida", kupita kwenda kwenye maisha bora, imewekwa sambamba na "pass away". Zote zina maana ya kufa, na mwanafunzi anaondoka akiwa ameridhika.

Lakini mkalimani anayesimama mbele ya mama aliyefiwa hawezi kuridhika na safu mbili. Akiteleza akachukua nahau isiyostahili, amemdhalilisha marehemu na kuwaumiza waliobaki. Ndiyo maana leo tunazipitia nahau hizi moja baada ya nyingine, tukiangalia zilikotoka. Tutaona kwamba zimegawanyika katika makundi matatu: zile zilizotungwa na wanaokiogopa kifo, zile zilizotungwa na wanaoishi karibu nacho, na zile zilizotungwa na wanaoua.

Lugha ya kanisa

Tuanze na kundi la kwanza. Kwa karne nyingi huko Ulaya ya Magharibi kifo kilikuwa chini ya usimamizi wa kanisa, na lugha ya kanisa ilikuwa Kilatini. Ndiyo maana nahau za heshima za Kihispania na za Kiingereza zinafanana mno. Mhispania husema marehemu amepita kwenda kwenye maisha bora. Mwingereza husema amepita na kwenda zake, akitumia kitenzi kilichoingia katika lugha yake kutoka Kifaransa cha zama za kati. Mhispania husema "entregar el alma", kuikabidhi roho. Mwingereza naye ana "give up the ghost", kuitoa roho. Leo neno "ghost" kwa Waingereza ni mzuka, lakini katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya roho ya mwanadamu. Tafsiri mashuhuri ya Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James iliitumia nahau hiyo kueleza kifo cha Yesu msalabani.

Baadhi ya nahau ni za kale kuliko kanisa lenyewe. Warumi walikuwa na msemo wa Kilatini "abire ad plures", kwenda kwa walio wengi, kwa sababu waliokufa tangu dunia iumbwe ni wengi kuliko walio hai. Kiingereza kiliurithi msemo huo, na waandishi wa karne ya 19 waliupenda sana.

Hata hivyo heshima ya neno huchakaa kama nguo. Leo Mwingereza husema gari lake bovu limetoa roho barabarani, kwa maneno yale yale yaliyotumiwa kueleza kifo cha Yesu. Mhispania naye husema simu yake iliyodondoka majini imepita kwenda kwenye maisha bora. Nahau iliyotungwa kwa hofu ya Mungu imekuwa ya mzaha, na anayejifunza lugha kwa vitabu vya zamani pekee anaweza kudhani anasema neno zito, kumbe wasikilizaji wake wanatabasamu.

Lugha ya zizi na ya udongo

Kundi la pili ni la watu waliokiona kifo kila siku kwa macho yao: wachinjaji, wakulima, mabaharia, askari na maskini wa mijini. Hawa hawakuwa na nafasi ya kukipamba.

Katika "estirar la pata" neno la kuangaliwa ni "pata". Mguu wa binadamu katika Kihispania ni "pierna", ambapo "pata" ni mguu wa mnyama au wa meza. Kwa hiyo anayesema jirani yake amenyoosha "pata" amemlinganisha na mbuzi au farasi ambaye miguu yake hukakamaa pale anapokata roho. Hapo ndipo ulipo ukali wa nahau hii.

Nahau ya Kiingereza ya kupiga ndoo teke inatoka karibu na hapo hapo. Iliandikwa katika kamusi ya lugha ya mitaani iliyotungwa na Francis Grose na kuchapishwa London mwaka 1785. Watu wengi husimulia kwamba ndoo hiyo ni ile anayosimama juu yake mtu anayetaka kujinyonga. Maelezo ambayo wataalamu wengi huyapa uzito zaidi ni mengine. Katika lahaja za baadhi ya majimbo ya Uingereza neno "bucket" lilikuwa pia na maana ya boriti ambayo nguruwe aliyechinjwa huning'inizwa miguu juu, na mnyama huyo alipokuwa akitapatapa, miguu yake iliigonga boriti. Ikiwa ndivyo, basi Mhispania na Mwingereza, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wakimtazama mnyama anayekufa na kumwona mwanadamu.

Kutoka zizini twende makaburini. Malva ni mmea wa porini wenye maua ya rangi ya zambarau, unaoota wenyewe katika viwanja vilivyoachwa, kandokando ya njia na juu ya makaburi yasiyotunzwa. Mhispania anayesema fulani anaotesha malva anatuambia kwamba marehemu amegeuka mbolea, na pengine pia kwamba hakuna anayelipalilia kaburi lake. Waingereza wana daisi, ua dogo jeupe la kondeni. Katika karne ya 19 walikuwa wakisema mtu amelala chini ya maua hayo, au amevielekeza vidole vyake vya miguu kwao. Nahau ya kuyasukuma maua juu ilienea miongoni mwa askari wa Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, vya mwaka 1914 hadi 1918, na mshairi Wilfred Owen, aliyeuawa vitani wiki moja kabla ya kusimamishwa kwa mapigano, aliitumia katika shairi lake moja kuhusu askari aliyejeruhiwa.

Hapa yafaa tutafakari kidogo, wasikilizaji wapenzi. Askari aliyekuwa mahandakini huko Ufaransa aliposema mwenzake anasukuma maua, alikuwa anamzungumzia mtu aliyekula naye jana, na alijua kwamba kesho huenda yeye mwenyewe akasemwa vivyo hivyo. Mzaha huo ulikuwa haki yake. Ofisa wa jeshi aliyeandika barua kwa mzazi wa marehemu hakuweza kuyatumia maneno hayo, na hakuyatumia.

Sanduku, kikapu na mkeka

Tuangalie sasa vyombo vya mazishi. Jeneza kwa Kihispania ni "ataúd", na wasikilizaji wetu wa Oman na Ghuba watalitambua mara moja, kwani ni neno la Kiarabu "at-tabut", yaani sanduku. Waislamu waliingia Uhispania mwaka 711 na utawala wao wa mwisho huko, ule wa Granada, ulianguka mwaka 1492. Katika karne hizo karibu nane Kihispania kilichota maelfu ya maneno kutoka Kiarabu, likiwemo hili ambalo Mhispania Mkristo huzikwa nalo hadi leo. Kiingereza kwa upande wake kina "coffin", neno lililopitia Kifaransa na Kilatini kutoka Kigiriki, ambako maana yake ilikuwa kikapu. Wenye mzaha wa nchi zote mbili wamelifanya jeneza kuwa vazi: Mhispania huvaa pajama la mbao, na Mwingereza huvaa koti la mbao.

Lakini jeneza la mbao ni la mwenye fedha. Huko Mexico, maskini wakati wa uhai wake alilala juu ya mkeka uliosukwa kwa majani ya mimea ya jamii ya mitende. Jina la mkeka huo ni "petate", kutoka neno "petlatl" la lugha ya Kinahuatl, iliyokuwa lugha ya Waazteki kabla ya Wahispania kuiteka nchi yao kati ya mwaka 1519 na 1521. Mkeka huo huo aliozaliwa juu yake na kulala juu yake ndio aliofungiwa ndani yake alipokufa, kisha akateremshwa kaburini. Kutokana na desturi hiyo Wamexico walipata kitenzi kizima, "petatearse", ambacho kwa tafsiri ya karibu ni kujikunjia mkeka.

Vitabu vya nahau huiweka "petatearse" katika safu moja na kupiga ndoo teke. Kwa maana ya kamusi si kosa. Lakini ndoo ya Kiingereza haina ukoo wala tabaka, ilhali mkeka wa Mexico umebeba ndani yake historia ya watu waliotekwa, wakanyang'anywa ardhi, na wakabaki na lugha yao katika vitu vidogo vya nyumbani. Msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye anajua uzito wa mikeka inayotandikwa matangani, huenda akaielewa nahau hii upesi kuliko Mwingereza.

Mexico ina nahau nyingine nyingi za namna hiyo. "Colgar los tenis" ni kutundika viatu vya raba. Jihadharini hapa, kwani Mwingereza anayesema mchezaji ametundika njumu ana maana kwamba amestaafu kandanda, na yu hai bukheri wa afya. "Chupar faros" ni kuvuta sigara za Faros, sigara za bei rahisi zilizokuwa za makabwela. Masimulizi ya huko yanasema kwamba katika mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910, mtu aliyehukumiwa kupigwa risasi alipewa nafasi ya kuvuta sigara yake ya mwisho, na sigara hiyo ilikuwa Faros.

Kifo chenyewe kimepewa majina ya mitaani na huitwa Mwenye Upara, Mwembamba, au Bibi Mifupa. Mchoraji José Guadalupe Posada, aliyezaliwa mwaka 1852, alichapa michoro ya mafuvu yaliyovaa kofia za kitajiri ili kuwacheka wakubwa wa wakati wake, na maarufu zaidi ni lile fuvu la kike linaloitwa leo La Catrina. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1913 na akazikwa katika kaburi la maskini. Mwandishi Octavio Paz, katika kitabu chake cha mwaka 1950 kuhusu tabia ya taifa lake, alitenga sura nzima ya Siku ya Wafu na mazoea ya Wamexico na kifo. Tangu hapo watu wa nje wamekuwa wakidhani kwamba Wamexico hawaogopi kufa. Hilo si sahihi. Mama wa Mexico hulia kama mama mwingine yeyote, na mbele ya jeneza la mwanawe hakuna anayezungumza habari ya mkeka wala viatu vya raba.

Wimbo wa kuagana

Tuvuke bahari kidogo hadi Cuba. Huko mtu akifa husemwa kwa mzaha kwamba ameimba "El Manisero", yaani Muuza Njugu. Huo ni wimbo uliotungwa na Moisés Simons na kurekodiwa New York mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazú, ukasikika duniani kote. Katika wimbo huo muuza njugu anapita mtaani akinadi bidhaa yake, kisha anaaga na kwenda zake. Wacuba wakaichukua ile aga ya muuzaji na kuifanya aga ya dunia.

Wasikilizaji wetu wa Kongo, hasa wazee, wanaijua sauti hiyo. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za santuri za Cuba zilizoandikwa herufi GV ziliuzwa katika Afrika ya Magharibi na ya Kati, "El Manisero" ukiwa miongoni mwa nyimbo zake, na wanamuziki wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walijifunza kutoka kwenye sahani hizo muziki uliokuja kuitwa rumba ya Kongo. Basi wimbo ambao Kongo uliwachezesha watu dansi, kwao ulikotoka umekuwa jina la safari isiyo na marejeo. Kiingereza hakina kisawe cha nahau hiyo. Mfasiri anayeigeuza kuwa kupiga ndoo teke ameifikisha habari, lakini muziki umebaki njiani.

Anayebebeshwa maiti

Kuna nahau moja ya Kihispania inayomtaja maiti ingawa haizungumzii kufa. "Cargar con el muerto", kubeba maiti, ni kubebeshwa lawama ya jambo ambalo hukulitenda. Mwingereza katika hali hiyo husema ameachiwa mtoto mikononi.

Wanaoelezea asili ya misemo ya Kihispania huihusisha nahau hii na sheria za zama za kati. Maiti ya mtu aliyeuawa ilipookotwa katika ardhi ya kijiji, na muuaji asijulikane, kijiji kizima kilitozwa faini. Inasimuliwa kwamba wanakijiji waliokuta maiti alfajiri waliibeba haraka na kuitupa mpakani mwa jirani zao, ili wale wabebe mzigo.

Jambo la ajabu ni kwamba Uingereza ilikuwa na sheria ya namna hiyo hiyo. Baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, waligundua kwamba watu wao wanauawa gizani. Ikawekwa faini iliyoitwa "murdrum": akiokotwa mtu ameuawa na muuaji asipatikane, wilaya nzima ililipa, isipokuwa wakazi wathibitishe kwamba maiti alikuwa Mwingereza na wala si Mnormani. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1340. Wahispania wana nahau inayotukumbusha faini zao. Waingereza walilipa faini ile ile kwa karibu miaka mia tatu, lakini nahau yao ya kubebeshwa lawama haina maiti ndani yake.

Tusiwasahau pia waliobaki hai. Methali ya Kihispania husema "el muerto al hoyo y el vivo al bollo", maiti shimoni na aliye hai kwenye mkate. Cervantes aliiweka methali ya aina hiyo kinywani mwa Sancho Panza, yule mtumishi mwenye njaa wa Don Quijote, katika kitabu cha mwaka 1605. Waingereza husema tu kwamba maisha yanaendelea. Sancho anasema zaidi ya hapo: kwamba mwenye njaa hawezi kuomboleza kwa muda mrefu, hata akitaka.

Maneno ya wauaji

Wasikilizaji wapenzi, sasa tumefika kwenye kundi la tatu, na hapa mzaha unakoma.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania, vya mwaka 1936 hadi 1939, neno la kawaida "paseo", matembezi, lilipata maana nyingine. Watu wenye silaha walibisha hodi usiku, wakamchukua mtu na kumpeleka matembezini. Asubuhi maiti yake ilionekana kando ya barabara au kwenye ukuta wa makaburi, au haikuonekana kabisa. Pande zote mbili za vita zilifanya hivyo. Mshairi Federico García Lorca aliuawa kwa njia hiyo karibu na Granada mwezi wa Agosti mwaka 1936, na mabaki yake hayajatambuliwa mpaka sasa. Kiingereza cha Marekani kilikuwa tayari na kisawe chake, kwani majambazi wa Chicago wa miaka ya 1920 walipotaka kumwua mtu walisema wanampandisha gari kwenda kutembea. Huo ndio usawa kamili wa nahau: lugha mbili, watu wasiojuana, na hila moja ya kuuita uuaji kwa jina la starehe.

Argentina ilifuata baadaye. Majeshi yalitwaa madaraka tarehe 24 Machi mwaka 1976 na kutawala hadi Disemba mwaka 1983. Katika vituo vya siri vya mateso, mfungwa aliyekwenda kuuawa alisemwa kuwa "amehamishwa". Waliochukuliwa majumbani mwao waliitwa "desaparecidos", waliotoweka. Mwaka 1979 mtawala wa kijeshi, Jenerali Jorge Rafael Videla, aliwaambia waandishi wa habari kwamba aliyetoweka si hai wala si maiti. Neno moja lilitosha kuwanyima wazazi mwana wao, na likawanyima pia kaburi lake.

Lakini neno hilo lilinyang'anywa kutoka kwa wenyewe. Tarehe 30 Aprili mwaka 1977 kikundi kidogo cha akina mama kilikusanyika katika uwanja wa Plaza de Mayo mjini Buenos Aires kuuliza watoto wao wako wapi. Waliendelea kukusanyika wiki baada ya wiki, vichwani wamejifunga vitambaa vyeupe. Watu wakaanza kusema kwamba mtu hakutoweka, bali alitoweshwa, na katika Kihispania kitenzi kisichokuwa na mtendwa kikapata mtendwa. Kiingereza, ambacho kwa kawaida huwakopesha wengine, safari hii kilikopa, na matumizi hayo ya kitenzi cha kutoweka yakaenea katika magazeti yake. Tume iliyoundwa baada ya kurejea kwa utawala wa kiraia iliorodhesha mwaka 1984 watu 8,961 waliotoweshwa, na mashirika ya haki za binadamu yanasema walikuwa 30,000. Mwaka 1995 aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, Adolfo Scilingo, alikiri hadharani kwamba wafungwa "waliohamishwa" walitupwa baharini kutoka ndani ya ndege wakiwa hai. Mahakama ya Uhispania ilimhukumu mwaka 2005. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kimataifa dhidi ya kuwatowesha watu kwa nguvu.

Kiswahili hakikuhitaji kukopa. Sarufi yetu ina kutoweka na kutoweshwa, ina kupotea na kupotezwa. Silabi moja tu inatosha kutuambia kwamba yuko aliyetenda. Kwa hiyo kila anayetangaza au kuandika habari za mtu aliyechukuliwa usiku anapaswa kuchagua silabi hiyo kwa uangalifu, kwani akisema "alipotea" huenda bila ya kukusudia amemsaidia aliyempoteza.

Neno la mwisho

Tumrudie basi yule mkalimani wetu, aliyesimama katika chumba cha hospitali mbele ya mama aliyefiwa. Hahitaji nahau za kanisa zilizochakaa, na hana haki ya mzaha wa mahandakini wala wa mkeka, kwa kuwa kifo hiki si chake. Madaktari wa Uingereza na Marekani hufundishwa siku hizi kulitamka neno lenyewe waziwazi, amekufa, ili aliyefiwa asibaki na shaka. Kihispania kina "ha fallecido", amefariki, neno safi na la heshima. Hilo linatosha.

Na kama baada ya siku kadhaa familia ile, ikiwa imekaa pamoja kwenye chakula, ikamtaja marehemu na mmoja wao akasema kwa kicheko chenye machozi kwamba mzee kajikunjia mkeka wake, mkalimani ataielewa nahau hiyo ilikotoka. Atanyamaza, na kuwaachia wenyewe.